HERMAN BROOD: VIPAJI VINGI, ADUI MMOJA

   Kila mwaka ukurasa huu wa wasifu huwaleta mashujaa tuliowazoea: Shaaban Robert, Mekatilili wa Menza, Siti binti Saad na Dedan Kimathi. Hao wote nawavulia kofia. Lakini mwaka huu zamu imeniangukia mimi, na nimeamua kuwavusha bahari twende hadi Uholanzi, tukutane na mwanamuziki aliyeitwa Herman Brood.

Pengine unajiuliza nimemtoa wapi Mholanzi huyu. Baba yangu mdogo hufanya kazi katika shamba la maua kule Naivasha. Kama mjuavyo, mawaridi mengi ya Naivasha hupandishwa ndege yakaenda kuuzwa Uholanzi, kwa hiyo vitu vya Kiholanzi havikosekani huko. Alituletea nyumbani kalenda kuukuu yenye picha za kuchora. Zilikuwa nyuso zenye macho makubwa, mistari minene myeusi, na rangi nyekundu, njano na buluu zilizowaka kama leso mpya. Nilipouliza mchoraji ni nani, nikaambiwa kwamba huyo si mchoraji tu, bali alikuwa nyota wa muziki wa rock. Basi nikaanza kumfuatilia, kidogo kwenye maktaba, kidogo kwenye intaneti, mpaka nikaijua safari yake.

Nilipolitaja jina lake kwenye mkutano wa chama, ubishi ulizuka hapo hapo. Wengine walisema mtu aliyetumia dawa za kulevya na mwishowe akajitoa uhai hafai kuandikwa katika jarida la shule. Wengine walidai ati rock ni kelele za Wazungu, zinatuhusu nini sisi? Mlezi wetu alisikiliza pande zote mbili, kisha akaamua niandike, na nyinyi wasomaji mpime wenyewe. Hivyo basi, wasomaji, mizani iko mikononi mwenu.

KUZALIWA NA MASOMO

Herman Brood alizaliwa tarehe 5 Novemba 1946 katika mji wa Zwolle, mashariki mwa Uholanzi. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimemalizika mwaka mmoja na nusu tu kabla yake, na nchi ilikuwa bado inajijenga upya. Jina lake la ukoo lina kichekesho kidogo, maana kwa Kiholanzi neno brood ni mkate. Kwa hiyo kama angezaliwa kwetu, huenda tungemwita Herman Mkate!

Uholanzi ni nchi ndogo. Kenya yetu inaweza kuimeza mara kumi na tatu na bado ikabaki na nafasi. Lakini wahenga hawakukosea waliposema udogo wa pilipili si wa piri, ukiila itakuwasha. Nchi hiyo ndogo imetoa wachoraji waliotikisa dunia, kama Rembrandt na Vincent van Gogh. Herman naye alikuwa na mkono wa kuchora tangu ujana wake, na akaingia chuo cha sanaa katika mji wa Arnhem. Papo hapo alikuwa anapiga piano. Kijana mmoja, vipaji viwili. Mwenye bahati kama hiyo ungedhani njia yake imeshafagiliwa.

Mwaka wa 1964, akiwa hajafikisha miaka kumi na minane, alikuwa mpiga piano wa bendi iliyoitwa The Moans. Hizo ndizo siku ambazo The Beatles na Rolling Stones wa Uingereza walikuwa wamewatia wazimu vijana wa Ulaya nzima. Kila mtaa ulikuwa na bendi, kama vile siku hizi kila mtaa wetu una vijana wanaorekodi nyimbo. The Moans walikuja kubadilika wakawa Long Tall Ernie and the Shakers, bendi iliyopata umaarufu miaka ya 1970. Lakini wakati huo Herman alikuwa ameshahama zamani.

KUPANDA NA KUANGUKA MARA YA KWANZA

Alihamia Cuby + Blizzards, bendi iliyopiga blues, ule muziki wa huzuni ulioanzishwa na Wamarekani weusi. Bendi hii ilikuwa na makao yake katika kijiji cha Grolloo, na mwimbaji wake mkuu alikuwa Harry Muskee. Mwaka wa 1967 walitoa albamu ya Groeten uit Grollo, yaani salamu kutoka kijijini kwao, na piano unayoisikia humo ni ya Herman Brood. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja hivi. Nyota yake ilikuwa imeanza kung'aa.

Kumbe kulikuwa na mdudu ndani ya embe. Herman alikuwa ameshaanza kutumia dawa za kulevya, hasa zile za kumfanya mtu akeshe bila kuchoka. Habari zilipofika kwa wakubwa wa bendi, alifukuzwa. Hapo ndipo mambo yalipomwendea segemnege. Miaka kadhaa iliyofuata alikuwa leo jela kwa kosa la kuuza dawa za kulevya, kesho nje ya nchi, keshokutwa katika bendi ndogo zisizodumu. Alipiga na The Studs, akapiga na Flash and Dance Band, akapiga na Vitesse. Ukihesabu toka alipofukuzwa hadi aliposimama tena, ni karibu miaka minane. Mtu mwingine angekata tamaa akatafuta kazi ya dukani.

Hapa nataka tusimame kidogo. Wanaosema dawa humpa msanii kipaji waangalie miaka hiyo minane. Kipaji alikuwa nacho kabla ya dawa. Groeten uit Grollo ilishatoka. Kilicholetwa na dawa ni kufukuzwa kazi na kufungwa jela. Haya si maneno ya mahubiri, ni hesabu tu.

WILD ROMANCE

Mwaka wa 1976 Herman aliunda bendi yake mwenyewe akaiita Herman Brood & His Wild Romance. Sasa hakuwa tena mpiga piano wa pembeni. Alikuwa mwimbaji, mtunzi na kiongozi. Mwaka wa 1977 walitoa albamu ya kwanza, Street. Mwaka wa 1978 ikafuata Shpritsz, na hiyo ndiyo iliyompa ufalme. Muziki wao ulikuwa wa haraka, piano ikigongwa kama mlango wa mwenye deni, gitaa likijibu, na sauti ya Herman ikiwa kavu kama ya mtu asiyelala. Ndani ya albamu hiyo mna wimbo wa Saturday Night. Wimbo huo ulivuka bahari ya Atlantiki, na mwaka wa 1979 ukafika nambari 35 katika orodha ya Billboard ya Marekani.

Unaweza kusema nambari 35 ni nini? Ngoja nikueleze. Orodha hiyo ina nyimbo mia moja, na wanaoigombania ni wanamuziki wa dunia nzima, wengi wao wakiwa Wamarekani na Waingereza. Waholanzi waliowahi kupenya walihesabika. Shocking Blue walifika nambari 1 mwaka wa 1970 kwa wimbo wa Venus. Golden Earring nao waliingia katika ishirini bora mwaka wa 1974 kwa Radar Love. Kwa hiyo kijana wa Zwolle, aliyetoka jela, kufika nambari 35 ilikuwa kazi ya mwanamume.

Mwaka huo huo wa 1979 bendi ilizuru Marekani ikitafuta kuuteka moyo wa nchi ile. Tena mwaka huo huo Herman alicheza katika filamu ya Cha Cha, pamoja na Nina Hagen wa Ujerumani na Lene Lovich. Mwimbaji, mtunzi, mpiga piano, na sasa mwigizaji! Nyumbani Uholanzi hakukuwa na kijana asiyelijua jina lake.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Albamu iliyofuata, Go Nutz ya mwaka wa 1980, haikupokelewa kama Shpritsz, na mlango wa Marekani ukafungwa. Jina lake likabaki kubwa kwao na kwa majirani kama Ujerumani, lakini ile ndoto ya kuwa nyota wa dunia iliyeyuka.

WAPIGA MAKOFI

Sasa nifike mahali paliponifanya nichague mtu huyu badala ya mwingine. Herman Brood hakuficha kwamba anatumia dawa za kulevya. Alilisema wazi kwenye mahojiano, akaliimba, akaligeuza kuwa sehemu ya jina lake. Hata neno Shpritsz limetokana na neno la Kijerumani lenye kuhusu sindano. Magazeti yaliuzika. Watu walikuja kwenye maonyesho kumsikiliza, na wengine walikuja kumtazama tu yule mtu wa sindano. Akawa kama kipenzi cha taifa. Walimcheka, wakamhurumia, wakampenda, wakamnunulia.

Mimi hujiuliza: ni nani kati ya wale maelfu waliopiga makofi aliyekuwa anamsaidia? Mtu akilipwa na kushangiliwa kwa jambo linalomuua, ataliacha vipi? Kuacha kungekuwa ni kuacha dawa na kuacha jina kwa pamoja. Kwa maoni yangu hicho ndicho kilichokuwa kifungo kigumu kuliko kile cha jela.

Na jambo hili si la Uholanzi peke yake. Hapa mtaani kwetu kuna kijana hodari wa gitaa, hata kanisani alikuwa akipiga. Siku hizi anatafuna tembe na kuvuta bangi, na jioni watu humzunguka kituoni cha matatu wakimtupia shilingi kumi kumi ili acheze na kusema maneno ya kuchekesha. Watu hucheka mpaka machozi. Kisha kila mtu hupanda matatu akaenda zake, naye hubaki pale pale. Nikisoma habari za Herman Brood, yule kijana hunijia akilini. Tofauti yao ni ukubwa wa jukwaa tu.

LUGHA YAKE NA LUGHA YETU

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wana Kiswahili. Nyimbo nyingi za Herman zilikuwa kwa Kiingereza, kwa sababu rock ilikuwa inauzwa kwa Kiingereza. Lakini katika miaka ya 1980 ilitokea bendi ya Doe Maar iliyoimba kwa Kiholanzi, na vijana wakaipenda kupita kiasi. Mwaka wa 1984 Herman aliungana na Henny Vrienten, mmoja wa waimbaji wa Doe Maar, wakatoa wimbo wa Als je wint. Ulikuwa kwa Kiholanzi, na ulipendwa sana. Wazo lake lilikuwa rahisi: ukishinda, marafiki hujaa. Mtu aliyekuwa ameonja kushinda na kushindwa alikuwa anajua anachokiimba. Na jambo kama hilo halihitaji lugha ya kuazima. Sisi tunasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kila anayesikia huelewa mara moja.

Kwa hiyo wale wanaotucheka ati Kiswahili hakiwezi kubeba muziki wa kisasa, waambieni hata Waholanzi, ambao lugha yao ina wasemaji wachache kuliko Kiswahili, walijaribu kwao na wakaweza.

KUTOKA JUKWAANI HADI KWENYE RANGI

Muziki ulipopungua kasi, Herman alirudi kwenye kipaji chake cha kwanza, uchoraji. Alifanya kazi yake mjini Amsterdam, akitumia brashi na rangi za kupuliza. Hakuchora kwa ajili ya matajiri tu. Alichora kwenye kuta, kwenye turubai, kwenye chochote, na picha zake nyingi zilichapwa nakala ili hata mtu wa kawaida aweze kununua moja akaitundika sebuleni. Wataalamu wengine wa sanaa walizibeza. Watu wa kawaida wakazinunua. Ndiyo sababu hata kalenda ya shamba la maua ilikuwa nazo.

Muziki nao hakuuacha kabisa. Mwaka wa 1990 alitoa albamu ya Freeze, akisaidiwa na Clarence Clemons, mpiga saksafoni wa Bruce Springsteen, na Flaco Jiménez, bingwa wa kodiani kutoka Texas. Mwaka wa 1994 ikatoka filamu ya kweli juu ya maisha yake. Mwaka wa 1996 alitimiza miaka hamsini, na ikatoka albamu aliyoimba pamoja na wanamuziki wenzake. Mshairi Bart Chabot aliandika vitabu kadhaa juu yake. Kusema kweli mtu huyu alifanya kazi. Wanaodhani mlevi hulala tu mchana kutwa, kwa huyu hawakuona hivyo.

MWISHO WAKE

Lakini mwili una daftari lake, na deni lake halifutwi. Kwa zaidi ya miaka thelathini Herman aliutumia mwili wake kama gari la kukodi. Ilipofika mwaka wa 2001 ulikuwa umechakaa. Alijaribu kuziacha dawa, safari hii kwa dhati, lakini alishindwa kujinasua, na huzuni ikamlemea. Tarehe 11 Julai 2001, mjini Amsterdam, alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 54.

Uholanzi ilizizima. Jeneza lake lilipopelekwa hadi Paradiso, jengo lililokuwa kanisa kabla ya kugeuzwa ukumbi wa muziki, maelfu ya watu walijipanga barabarani kumuaga. Wimbo wa My Way alioukuwa ameurekodi, ule uliovumishwa na Frank Sinatra, ulipanda hadi nambari 1 Uholanzi. Fikiria, nambari 1, naye yuko kaburini! Mwaka wa 2006 ikatoka filamu ya Wild Romance, ambamo Daniël Boissevain aliigiza kama Herman. Na bei za picha zake hazikubaki pale zilipokuwa.

Haya, makofi hayo yote yalikuwa ya nani? Mwenyewe hakuyasikia.

NENO LANGU

Nimewaahidi kwamba mizani iko mikononi mwenu, lakini nami nina haki ya kuweka jiwe langu. Wenzangu waliosema asiandikwe waliogopa kwamba tutamwiga. Hofu yao naielewa. Hata hivyo, naona hatari zaidi ni kumficha, kwa maana nyota kama hawa hatuwajui kutoka kwenye majarida ya shule. Tunawajua kutoka kwenye simu, kwenye video, kwenye mashati yenye picha zao, na huko huonyeshwa nusu moja tu ya hadithi: miwani meusi, wasichana na moshi. Nusu ya pili, ya kufukuzwa kazi, ya jela, ya mwili uliochakaa na chumba cha upweke, hakuna anayeichapa kwenye shati.

Wala sitaki tuseme alikuwa mtu mbaya. Kutegemea dawa ni ugonjwa, na mgonjwa hatibiwi kwa matusi. Nampenda kwa piano yake, kwa rangi zake, na kwa namna alivyoinuka kila alipoanguka. Namsikitikia kwa sababu watu waliomzunguka walipenda kumtazama kuliko kumshika mkono. Inawezekana kuyasema yote mawili juu ya mtu mmoja bila kusema uongo.

Kwa hiyo, msomaji mwenzangu, ukiwa na rafiki aliyeanza kuchezea tembe, usimpigie makofi wala usimcheke. Keti naye. Mpeleke kwa mwalimu wa ushauri, au kwa mzazi, au kwa mtu mzima unayemwamini, hata akikununia wiki nzima. Na kama ni wewe mwenyewe uliyezidiwa na mawazo hadi unaona maisha hayana maana, usinyamaze. Sema leo hii, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Yule kijana wa kituoni nimeanza kumsalimu kwa jina lake na kumuuliza habari za gitaa. Hanijibu kila siku. Lakini juzi aliniuliza kama nyumbani kwetu kuna nyuzi, na Jumamosi nitampelekea seti moja.

 Kidumu Chama cha Kiswahili!